Siku Niliyoitwa Mama Manka

Mwanangu Manka,

Mwaka jana wale watu wa Ifakara walipopiga simu kukuchukua, aliyepokea ni mimi, na aliyekataa ni mimi. Sijamwambia mtu. Bibi hajui, mama yako hajui, mjomba Godlisten hajui. Umeishi mwaka mzima ukiamini kwamba picha zako hazikufaa. Zilifaa. Walizitaka, wakakutaka na wewe, na mimi nikasema hapana nikijiita mama yako.

Basi, nimeliandika. Mwandiko umeharibika hapo juu, lakini linasomeka.

Pengine kabla ya kufika kwenye simu ulicheka kuona nimekuita mwanangu. Una haki. Tumepishana miezi kumi na minne tu. Tuliugua tetekuwanga wiki moja, tukapakwa dawa ileile, tukalala kitanda kimoja mmoja kichwani mmoja miguuni. Lakini mama yako ni dada yangu wa tumbo moja, na mtoto wa dada ni mtoto wangu. Ndivyo tulivyoukuta ulimwengu. Nilikuwa darasa la pili siku Bibi aliponisimamisha uani mbele ya wageni akasema, "Huyu hapa ndiye mama mdogo wa Manka. Manka, msalimie mama yako." Ukaja na kandambili umezibadilisha miguu, ukasema, "Shikamoo mama," ukainama ukicheka mpaka ukaangukia ndoo ya kuku. Wageni wakafurahi. Mimi nilikimbilia migombani.

Tangu hapo ukinihitaji mimi ni Aika, ukinichokoza mimi ni mama mdogo. "Mama mdogo, mwanao ana njaa." "Mama mdogo, nibebe, nimechoka." Hukujua nilivyokuwa nalichukia jina hilo. Nililitumia mara moja tu kwa hiari yangu, na ilikuwa siku ile ya simu.

Mambo ya sweta na chandarua sitayagusa. Bibi ameshayasema mara tatu na atayarudia kesho stendi, ukipanda basi la Ifakara. Mama yako atatoka Sanya Juu na basi la alfajiri aje akuombee. Mimi nabaki na lile wasilolijua.

Nianzie kwenye kamera, maana huko ndiko wivu ulikozaliwa.

Kumbuka kwamba kamera ilikuwa yangu kwanza. Sisemi kuimiliki, kamera ni ya mjomba, nasema kuishika. Mjomba Godlisten alipofungua studio yake pale Mawenzi mjini, akawa anapiga picha za harusi na kipaimara, alinichukua mimi kumsaidia siku za likizo. Unajua nilivyo na aibu. Mgeni akiingia hapa nyumbani naenda jikoni kuangalia maji ambayo hayajabandikwa. Watu huita upole. "Aika mtoto mpole, hana makuu." Hakuna aliyewahi kuuliza mtu mpole anafikiria nini akiwa kule jikoni. Sasa kamera ilinifaa kwa sababu inaficha uso. Nilisimama katikati ya kanisa lililojaa na hakuna aliyeniona. Nikasoma vitabu vya Kiingereza kwenye maktaba ya shule, nikajifunza mwanga, kasi, umbali, kugawa picha mafungu matatu. Kisha nikaja kukufundisha wewe kwa Kiswahili, jioni, tukikaa kwenye ukingo wa mfereji. Maneno mengine sikuyapatia tafsiri. Ukaniambia, "Wewe niambie tu natazama wapi, hayo majina baki nayo."

Nilikufundisha kwa moyo wote. Hilo pia ni kweli, liandike mahali.

Halafu ikaja ile Jumamosi ya msitu wa Rau. Tulilala kwa mjomba, tukaamka mapema, kwa sababu kulikuwa na bwana na bibi harusi waliotaka kupigwa picha chini ya ule mvule mkubwa. Mjomba alimaliza nao, wakaondoka, naye akaenda kunywa chai, akatuachia kamera saa moja. Mimi nilishachagua mahali pangu: pale chemchemi inapomwagika na kuwa kinamasi, miti imesimama majini, mbega juu. Nikasimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu, nikapima, nikanyoosha mstari wa upeo, nikapiga picha tisa. Zote zilikuwa sawa. Nikakupa zamu yako.

Wewe ukaitoa kwenye miguu mitatu ukaingia nayo majini.

"Manka, toka humo, kuna ruba!"

"Ruba wananijua."

"Kamera ikizama mjomba atatuua."

"Atakuua wewe, mama mdogo. Mtoto haulizwi."

Mabuti yako yakajaa maji, nikayasikia yanavyonyonya. Ukapiga magoti. Ukashusha kamera mpaka ikawa kiganja kimoja tu juu ya maji, hata hukuchungulia, ukaielekeza tu kama mtu anayemnong'oneza mtoto. Ulikaa hivyo mpaka maji yakatulia. Mimi ukingoni nilikuwa nimeshakasirika, na sikujua kwa nini. Ukapiga mara moja.

Jioni studio mjomba akazifungua kwenye kompyuta. Zangu tisa akazipitisha moja moja. "Safi. Safi. Aika, mbona hata miti kwako inasimama kama inangoja hukumu?" Tukacheka, na mimi nikacheka. Kisha ikaja ile ya kumi, maji meusi yamejaa karibu picha nzima, mizizi inashuka na kukutana na mizizi, hujui ipi ni mti na ipi ni kivuli, na kile kimvuke juu yake.

"Ebo! Hii kapiga nani?"

"Manka."

"Manka yupi?"

"Kwani tuna wangapi?" ukamjibu, miguu bado imekunjamana kwa maji.

Akanyamaza. Mjomba, anayeongea hata akiwa anasali! Nilijua hapohapo, Manka. Nilijua kama mtu anavyojua jibu la hesabu kabla mwalimu hajamaliza kuliandika. Picha zote nilizopiga mwaka ule ningezitoa nipate ukimya ule mmoja.

Nimejaribu kuandika barua hii kwa Kiingereza kwanza, maana shuleni tunafundishwa kuandika mambo mazito kwa Kiingereza. Sentensi ilitoka haraka, maneno matatu, nyepesi kama jibu la mtihani. Nikaichana. Kwa Kiswahili nililazimika kuandika: nilikuonea wivu. Nikalitazama neno. Ukiuondoa wivu kinachobaki ni "nilikuonea". Nimekaa na hilo muda mrefu. Kumbe lugha ilishajua kabla yangu.

Mjomba ndiye aliyeleta habari za Ifakara. Kikundi cha wapiga picha wa misitu na maeneo oevu, huko bonde la Kilombero, wanachukua vijana wachache kwa mwaka mzima. Tukatuma sote wawili, picha kumi na mbili kila mmoja. Simu yako ilikuwa imekufa, uliitumbukiza mwenyewe Rau ukimfuata yule ndege, kulasitara, kwa hiyo kwenye fomu ukaweka namba yangu. Palipoandikwa mzazi au mlezi ukaandika jina langu. Palipoandikwa uhusiano ukaandika "mama". Ulicheka mpaka ukashika ukuta. "Si kweli? Bibi mwenyewe kasema."

Simu ilipoita nilikuwa kihambani, kwenye migomba, nakata majani ya ng'ombe. Namba nisiyoijua. Kwa kawaida sipokei, unanijua. Sijui kwa nini nilipokea.

"Haloo, naongea na mama Manka?"

Ulikuwa umeenda kwa fundi cherehani. Ningeweza kusema subiri. Nikasema, "Ndiyo."

"Shikamoo mama."

Manka, mtu mzima, sauti ya mtu mwenye watoto walionizidi umri, ananiamkia mimi. Na mimi, nimesimama na panga mkononi, miaka kumi na minane, nikasema, "Marahaba." Nikiogopa sauti yangu hushuka, hukaa nzito kama ya Bibi. Yule mama hakushuku chochote.

"Hongera sana. Mwanao ana jicho. Ile picha ya maji meusi na mizizi tumeibandika ukutani hapa ofisini, kila anayeingia anasimama. Tunamtaka aje kwetu. Sasa kwa kuwa hajatimiza kumi na nane, tunahitaji ruhusa ya mzazi."

Angesema ni picha nzuri ningemeza. Ila alisema ukutani. Nikangoja aendelee, aseme na jina langu. Hakulisema. Basi nikauliza mwenyewe, kwa ile sauti ya mama: "Na yule mwenzake? Aika?"

Nikasikia karatasi zikifunuliwa.

"Aika, Aika... ndiyo, zipo. Zake ni safi, mama. Zimekaa vizuri. Ila safari hii tutamchukua Manka peke yake."

Zimekaa vizuri! Kama viti.

"Kwa hiyo unaridhia, mama?"

"Hapana," nikasema. "Huku kwetu hatumwachii msichana akalale porini na watu tusiowajua."

"Nakuelewa, mama. Zungumza kwanza na baba yake, nami nitapiga kesho."

"Hata baba yake hataki."

Nilikupa na baba siku ile. Wewe ambaye hujawahi kuwa naye, nilikupa baba kwa dakika moja, na kazi yake ilikuwa kukukatalia.

Kesho yake alipiga kweli. Mara mbili. Nilikuwa nimekaa kitandani, simu inatetemeka juu ya blanketi, nawe upo hapo karibu yangu unamenya ndizi za mtori unanisimulia habari za fundi cherehani. "Pokea basi, mama mdogo, au ni mchumba?" Nikasema ni watu wa mtandao. Nikaifungia ile namba. Siku ya kwanza naweza kusema ni hasira iliyonishika. Hiyo ya pili sina la kuisemea, nilikuwa nimelala nimeamka, nimekunywa chai, nimesali.

Ukaniuliza kila siku kwa wiki tatu. "Hawajapiga?" "Bado." Wiki ya nne ukaacha kuuliza, ukasema tu, ukiwa unafagia, "Watakuwa wamezicheka. Nani anapiga picha matope?" Nami nikajibu, na hili ndilo huniamsha, nikajibu, "Usijali, hata zangu hazijachukuliwa." Ukaja ukanikumbatia. Ulinifariji mimi.

Nilidhani nitajisikia vizuri. Wivu hudanganya hivyo, hukuambia mwenzako akipungua wewe utaongezeka. Sikuongezeka hata kidogo. Nilirudi Rau peke yangu, mabuti yako miguuni, nikapiga magoti palepale, nikashusha kamera kiganja kimoja juu ya maji. Unataka kujua nilipata nini? Maji. Picha ya maji. Nikasubiri yatulie kama ulivyosubiri wewe, lakini nilikuwa nakutazama wewe ambaye hukuwepo, sikuwa natazama maji. Hilo ndilo ninaloweza kukufundisha bado: mtu hawezi kuona kitu akiwa anamtazama mwenzake anavyokiona.

Na wakati mimi nashindwa, wewe ukaharibika. Samahani kwa neno hilo. Uliacha vinamasi. Ukaanza kupiga Kibo: Kibo na mgomba mbele, Kibo na wingu, Kibo na ng'ombe wa jirani. Mjomba akazibandika dirishani na zinanunuliwa, kila mtu anasifu. Mimi ndiye pekee ninayejua kwamba unazipiga ukiwa umesimama wima. Hujapiga magoti tangu mwaka jana. Mtu aliyeingia majini na mabuti yake sasa anasimama kwenye lami na kunyoosha mstari wa upeo. Manka, unapiga kama mimi. Nilitaka uwe chini yangu, ukaja ukawa mimi, na hakuna adhabu niliyowahi kupewa iliyouma kama hiyo.

Mwaka huu ukatuma tena, picha za Kibo tu, na umetimiza miaka yako, hakuna tena wa kuombwa ruhusa. Wakakupa nafasi ya mwisho, baada ya mwingine kuacha. Uliisoma ile barua yao mezani kwa sauti, na pale waliposema wanatumaini utawaonyesha zaidi ya mlima, ukacheka ukasema, "Hawa nao hawaridhiki." Bibi akapiga kigelegele mpaka jirani akaja. Mimi nilikwenda jikoni. Maji hayakuwa yamebandikwa.

Usifikiri nimeokoka na wivu. Naliona begi lako hapo mlangoni na kugeuza uso. Nauonea wivu hata udongo utakaokanyaga, hayo majani marefu ya Kilombero na mafuriko yake, na ile miombo ambayo nimeisoma tu kwenye Jiografia. Mimi nangoja kwenda kusoma ualimu, na nitakuwa mwalimu mzuri, nitafundisha vizuri kitu ambacho mwanafunzi wangu atakifanya kunizidi. Nimeshajizoeza.

Wala usifikiri nakiri kwa wema tu. Yule mama wa simu yupo huko. Siku ya kwanza atakuuliza, "Mama yako hatimaye kakubali?" na wewe utashangaa, utasema mama yangu hakuwahi kukataa. Nimeliona hilo likija tangu barua ilipofika, na usingizi umenipungua. Kwa hiyo katika huku kukiri kuna woga pia. Siwezi kukuambia ni kiasi gani. Ila hili nalijua: ningeweza kukuacha ugundue mwenyewe, nikasema nilichanganyikiwa, nilikuwa mtoto, na wewe ungenisamehe kwa sababu hujui kukasirika zaidi ya siku mbili. Lakini ungekuwa umeshawaonyesha Kibo. Ungekuwa umejitambulisha kwao kama mtu wa kusimama wima, na wao wangekuamini.

Leo mchana, ulipokuwa unapanga begi, nilikuona unachukua zile picha za Rau ulizozisafisha mwaka jana, ukazitia kwenye karai la kuwashia moto. Bibi akakuuliza, "Hizi huzitaki?" Ukasema, "Ni matope tu, Bibi." Ulipoteremka mjini kutafuta betri nilizitoa. Zipo kumi na moja. Moja imeungua pembeni, Bibi alishaanza kubandika maharage ya kupikia na ndizi, ya kiburu. Nimezifunga kwenye kanga, nimeziweka juu kabisa ya begi lako, si chini. Usinishukuru. Wape hizo kwanza.

Nilipanga barua hii niichomeke kwenye mfuko wa pembeni wa begi, uikute Ifakara, usome nikiwa mbali na uso wako. Nimeshaikunja mara moja kwa ajili hiyo, unaona mkunjo. Hapo unaposoma kuhusu "marahaba" ndipo nilipoikunja, nikaifunua tena. Nimefikiria utakavyonitazama. Nimefikiria kwamba kesho pengine utapanda basi bila kuniaga, na Bibi atauliza kuna nini, na mama yako atauliza, na nitalazimika kusema mbele ya stendi nzima, mimi ambaye siwezi kuagiza soda dukani. Na pengine hutaniita tena mama mdogo. Nililichukia jina hilo miaka yote, na leo nimekaa hapa naogopa kulikosa. Ni jina nililopewa bure, nikalitumia kukufungia mlango. Kama ukiamua kunivua, ni halali yako.

Sikuombi unisamehe leo. Nakuomba jambo moja tu, nalo si kwa ajili yangu. Ukifika, ingia majini.

Geti limelia. Nasikia unamsalimia Bibi huko uani, anakuuliza betri umepata, unamwambia umepata na umemletea na mkate. Anakutania, "Na mama yako mdogo umemletea nini?" Unasema, "Yeye nitamletea mamba kutoka Kilombero."

Kwa kila hatua iliyopita mlangoni tangu mchana nimeitia karatasi hii chini ya kitabu cha Baiolojia: ya Bibi mara mbili, ya mtoto wa jirani aliyeomba chumvi. Kitabu kipo hapa kwenye mkono wa kushoto. Unavua viatu. Unaniita. Sijaitika, lakini kitabu nimekisukuma kimeanguka sakafuni na sikiokoti.

Umesukuma mlango. Unauliza, "Unaandika nini, mama mdogo, mbona uso umeloa hivyo?"

Karatasi iko mezani, imetazama juu. Nauondoa mkono.